Kanda Ambayo Hatukuifuta

Hull, 6 Machi 1993

Dada Avril,

Usishtuke kuona bahasha yangu kabla ya Krismasi. Hakuna aliyekufa. Kwetu huku aliyebaki kufa ni mimi, na mimi mzima, isipokuwa goti.

Juzi nilikuwa nimelala chali chini ya boila ya maji moto ya mama mmoja, kanitandikia magazeti nisimchafulie sakafu, nikasoma tangazo nikiwa pale pale na spana mkononi. Kuna watu London wanatengeneza filamu kuhusu *Nyumba Mwezini*. Ndiyo, ile tamthilia yetu ya Jumamosi jioni. Kumbe shirika la televisheni lilivifuta vipindi karibu vyote ili kanda zitumike tena kwa mbio za farasi na mapishi. Sasa wanatafuta watu waliorekodi nyumbani, hata sauti tu.

Nikapiga simu. Mwenye kazi anaitwa Imogen Sallis. Nikamwambia sisi tulikuwa tunarekodi kila wiki, maikrofoni juu ya kiti mbele ya televisheni. Akaniuliza kama kuna kilichobaki. Nikasema labda kimoja, “Hewa Inaisha”. Dada, aliniomba nilirudie jina hilo herufi kwa herufi. Hicho, anasema, hakuna aliye nacho duniani, si picha wala sauti.

Alipokufa Mama niliipekua nyumba nzima. Rekoda ya Baba ipo. Kanda haipo. Nadhani unajua ninachotaka kuuliza.

Filamu inafungwa mwisho wa Septemba. Sikulazimishi, ila tangu niongee na Bi Sallis naipekua dari tena kila jioni.

Mdogo wako,
Keith

*

Launceston, Tasmania, 25 Machi 1993

Keith,

Sina. Umekosea kumpa mtu matumaini ya kitu usichokuwa nacho mkononi.

Na hilo shirika usilicheke. Sisi tulifanya nini? Baba akirudi kutoka baharini tulimpigia vipindi alivyovikosa, akishasikiliza tunarekodi vingine juu ya kanda zile zile, kwa sababu tulikuwa na kanda chache na siku zake tatu za kukaa nyumbani zilikuwa fupi. Tulifuta kuliko wao.

Najua unangoja nitaje mazishi ya Mama. Sikuja, basi. Umeshinda hiyo.

Nakuomba usiniandikie tena juu ya jambo hili. Hapa nina kazi, nina wagonjwa wa meno wanaonipigia kelele mapokezini kutwa nzima, nina maisha yangu. Mwambie mama wa London umesahau vibaya. Ulikuwa na miaka sita, ataelewa.

Avril

*

Hull, 11 Aprili 1993

Dada,

Miaka sita ndiyo, lakini hili nalijua. Tulifuta zile alizosikiliza. Hiyo hakuisikiliza. Teksi ilikuja kumchukua katikati ya kipindi, akaondoka na meli, na meli haikurudi. Nani angerekodi juu yake? Mama alikuwa haruhusu mtu hata kuipanguza vumbi. Kisha ukahamia huko, na kanda haikuonekana tena. Mimi si mjinga kiasi hicho, nina ujinga wa wastani tu.

Bi Sallis ameniandikia kwamba kanda za miaka ile zinakauka. Zinakuwa kama ganda la kitunguu, ukizizungusha zinakatika. Kila mwaka hali inazidi. Kwa hiyo kama ipo mahali, hata sasa tunavyobishana inakufa.

Nimekaa nikawaza kwa nini uniambie uongo, maana wewe si mwongo, wewe ni mkali tu. Nikafika mahali pabaya. Nadhani umeificha kwa ajili yangu. Umeshaisikiliza, sivyo? Umenisikia humo ndani. Dada, kama ni hivyo, niambie tu, nitajikaza. Kutojua ndiko kunakonimaliza.

Keith

*

Launceston, 20 Mei 1993

Bi Sallis,

Nimepokea barua yako. Ndugu yangu hakukosea kukupa anwani yangu, ingawa nimemkasirikia.

Kanda ninayo. Iko kwenye bati la biskuti, chini ya shuka za wageni, na sijawahi kuipiga. Keith anafikiri nimeisikiliza na kwamba namfichia jambo. Sijui anaongelea nini. Jambo lililomo humo ni langu.

Wewe ni mtu wa London, kwa hiyo nikueleze. Baba alikuwa kwenye meli za uvuvi za Aktiki. Wiki tatu Iceland, siku tatu nyumbani. Rekoda aliinunua yeye, ili asipitwe na kipindi, maana alikipenda kuliko sisi watoto. Sheria aliiweka yeye: kanda ikizunguka, hakuna kusema neno. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na ndimi niliyeshika vitufe. Nilijiona afisa.

Siku ile teksi ilipiga honi, Baba akainuka na mfuko wake. Kwetu Hull mtu akienda baharini humwambii kwaheri, ni mkosi. Humpungii mkono. Siku ya kuondoka hufui nguo, usije ukamfua mtu wako naye, akazolewa na mawimbi. Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kidogo tu, kushikwa kichwa au kutaniwa. Alinijia kusema kitu, nami nikamwambia “Shh”. Kwa sababu ya televisheni. Hilo ndilo neno la mwisho baba yangu alilolipata kwangu, na linaweza kuwa limo kwenye kanda hiyo. Ndugu yangu alikuwa amekaa hapo hapo sakafuni. Alilisikia.

Nauliza hivi: mnaweza kutoa sauti ya kipindi mkaacha ya nyumba, bila mtu yeyote kuisikia? Bila Keith kuisikia tena? Kama mnaweza, nitawapa. Kama hamwezi, sahau kwamba nimekuandikia.

Avril Blenkin

*

London, 4 Juni 1993

Mpendwa Bi Blenkin,

Asante kwa kuniamini. Ningeweza kukujibu unachotaka kusikia, na kazi yangu ingekuwa rahisi, lakini ukweli ni kwamba hatuwezi. Maikrofoni ilikuwa juu ya kiti. Ilinasa kipindi na nyumba yenu kwa pamoja, na sasa vimechanganyika kama sukari ndani ya chai. Fundi wetu Leonard anaweza kupunguza hiki na kile, lakini kwanza lazima asikie. Huenda kanda ikavumilia kupigwa mara moja tu, kwa hiyo atakayekuwepo ndiye atakayeisikia.

Naomba usijaribu kuipiga hapo kwako, hata kidogo. Naomba pia usiitume kwa posta. Mtu wa mwisho aliyetutumia kanda, sanduku lilifika na alama za tairi.

Kuna jambo lingine, na sijui kama nafanya vizuri kulisema. Ndugu yako naye ameniandikia kwa siri. Sitakuambia alichoandika, ni chake. Lakini aliniomba karibu jambo lile lile uliloniomba wewe, na alisema wewe usijue. Nimekaa na barua zenu mbili mezani nikiziangalia siku nzima, na nimeshindwa kufanya kazi nyingine.

Zungumzeni. Sisemi hivi kwa ajili ya filamu. Kwa ajili ya filamu ningekusihi tu uje haraka.

Wako,
Imogen Sallis

*

Launceston, 2 Julai 1993

Keith,

Ninayo. Nilikudanganya, na hilo nalisema mara moja tu, usinisemeshe mara mbili.

Nakuja. Nafika London tarehe tisa Agosti. Bati litakuwa mapajani kwangu njia nzima. Nimeshawapigia watu wa uwanja wa ndege kuuliza kama mashine zao za kukagua mizigo zinaharibu kanda, yule kijana akasema hapana, nikamuuliza ana uhakika gani, akasema mama, hakuna aliyewahi kuuliza. Sasa sina amani kabisa. Nimeota mara mbili kwamba nalifungua bati na ndani kuna biskuti.

Sitakaa kuisikiliza. Nitamkabidhi Bi Sallis, nitapanda treni nije Hull, na wewe utaweka birika motoni na tutasubiri barua yake kama watu wazima.

Lakini kabla sijaja nataka tumalize hili. Siku nilipohamia huku, mwaka wa sabini na nne, teksi ilikuwa nje na wewe ulijifungia chumbani. Nilibisha hodi. Nilikusikia unapumua nyuma ya mlango na hukufungua. Mama alisema una homa. Mimi nilijua si homa. Nilijua unanichukia kwa sababu ya Baba, kwa lile nililomwambia, na nilipanda ndege nikiwa nalo, na sikuja kumzika Mama kwa sababu sikuwa na uso wa kusimama karibu yako.

Ulimwomba nini yule mama?

Avril

*

Hull, 14 Julai 1993

Dada Avril,

Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, koti bado sijavua, na nimechelewa kazini. Kuna mtu hana maji ya moto kwa sababu yako.

Ulimwambia Baba nini? Mimi sikumbuki umwambie lolote. Naapa. Tangu utoto sijawahi kukulaumu hata kwa nusu saa, labda kwa ile baiskeli.

Nilikaa chumbani kwa sababu niliuogopa mdomo wangu. Haya, naandika. Siku ile Baba alipoinuka na mfuko wake, mimi nilisema kwaheri. Nililitamka. Nilikuwa nimejifunza shuleni, mwalimu wetu hakuwa mtu wa Hull, alituambia ndiyo adabu mtu akiondoka. Nikamwambia baba yangu kwaheri ndani ya nyumba ya mvuvi, na meli ikapata barafu juu ya milingoti ikapinduka, na watu wote wale.

Najua ni upuuzi. Mimi ni mtu wa boila, najua kitu kinapasuka kwa sababu ya presha na si kwa sababu ya maneno. Lakini nijue nisijue, sijawahi kulitamka tena kwa mtu. Mke wangu wa zamani, Mungu amjalie na huyo mume wake wa pili, alisema kuishi na mimi ni kama kuishi na mtu anayeinuka kwenda chooni, hujui ameondoka au atarudi. Ulipobisha mlangoni nilijua nikifungua nitalia, na nikilia litanitoka, na wewe unapanda ndege juu ya bahari. Nikauma mto.

Nilimwomba Bi Sallis, wakilisikia humo, alikate kabla wewe hujalisikia. Nilidhani hujui.

Njoo. Birika lipo. Nimeanza kuogopa ndege yako, na bado ni mwezi mzima.

Keith

*

London, 19 Agosti 1993

Kwa Avril na Keith Blenkin, Hull

Wapendwa,

Nawaandikia wote wawili kwenye karatasi moja, ili asiwepo wa kumsomea mwenzake kwa kuchagua.

Kanda ilikatika mara mbili, dakika ya mwanzo na karibu na mwisho. Leonard aliiunga mikono ikimtoka jasho, na hakuna kilichopotea. Tunacho “Hewa Inaisha” chote. Watu hapa ofisini walilia, na mmoja wao ni mhasibu.

Sasa la kwenu. Naandika nilichosikia, kwa mpangilio wake, bila kuongeza.

Kwenye kipindi, Dokta Thorne amefungiwa ndani ya chumba na hewa inapungua. Nje ya nyumba yenu honi inalia. Inalia tena. Sauti ya mwanamke inasema, “Ron, teksi.” Kiti kinasogezwa. Ubao wa sakafu unalia, mtu mzito anatembea kwa vidole. Kisha mtoto mdogo anasema, “Kwahe—” na hapo hapo, kabla hajamaliza, mtoto mkubwa anasema, “Shh!”

Baada ya hapo mwanamume anacheka kidogo, cheko la puani. Halafu anainama kwenye maikrofoni, karibu sana, Leonard aliruka kwenye kiti. Ananong'ona, “Sawa, bosi. Mdogo wako umemdhibiti. Nitaisikiliza nikirudi. Mtu asiniambie mwisho wake.”

Mlango unafungwa polepole. Kipindi kinaendelea.

Ni hayo tu. Keith, hukulimaliza lile neno. Avril, hukumnyamazisha baba yako.

Leonard anaweza kuondoa honi, kiti na ubao. Mwanamume hawezi kumwondoa, kwa sababu aliongea juu ya maneno ya Dokta Thorne, naye yuko karibu zaidi. Tukimkata, maneno ya Thorne yanakatika naye, na hakuna mahali pengine duniani pa kuyapata maneno hayo. Kwa hiyo nawaomba mniambie: tuache shimo, au tumwache baba yenu?

Nimeweka kaseti ya nakala humu ndani. Sina haraka na jibu. Hapana, ninayo, filamu inafungwa mwisho wa mwezi ujao, lakini semeni kwa wakati wenu.

Imogen Sallis

*

Hull, 6 Septemba 1993

Dada,

Umeondoka jana na nyumba ina mwangwi. Umeacha kofia ya kuogea. Pia umepanga makabati yangu upya na sasa sipati chumvi.

Bi Sallis amejibu. Amesema Baba atabaki, na jina lake watalitia mwishoni, pamoja na waigizaji, kama ulivyotaka: Ronald Blenkin, Hull. Mhasibu amelia tena, inaonekana ndiyo kazi yake pale.

Sikukuambia hili ulipokuwa hapa kwa sababu ningeshindwa. Siku barua yake ilipofika ulisoma, ukainuka ukaenda kwenye sinki, ukaosha sahani moja muda mrefu sana na bomba halikuwa limefunguliwa. Nilitaka kuja kusimama karibu yako. Nilibaki kwenye kiti. Kisha ukasema bila kugeuka, “Nilidhani nakikinga kipindi. Nilikuwa namkinga Baba na lile neno, Keith,” na mimi nikasema ndiyo, na ikawa ndiyo yote tuliyoongea, halafu ukanikaripia kwa chai baridi. Ningeweza kuishi miaka mingine thelathini kwa jioni ile.

Kaseti nimeisikiliza hadi anapofunga mlango. Zaidi ya hapo bado. Kwa hiyo kama ulisikiliza mpaka mwisho kule chumbani kwako, na nadhani ulisikiliza, nilisikia muziki wake kupitia ukuta, tafadhali usiniambie.

Sasa la uwanja wa ndege. Ulipofika pale wasindikizaji wanapozuiwa, uliniangalia, ukangoja. Nilijua unangoja nini. Nililisema, dada. Nililisema lote, mpaka mwisho, mzee mmoja mwenye mkokoteni akageuka kuniangalia. Nawe ukanijibu lile lile, na ukanipungia mkono, tena mkono mzima, kama mtu wa London. Nikarudi kwenye gari nikakaa, nikashindwa kuingiza ufunguo.

Tangu hapo redio iko wazi. Nimewapigia watu wa ndege wakasema imetua Singapore salama. Nikawaambia Singapore si Launceston. Yule binti akasema ndiyo bwana, tunajua. Usiku nimetembea mpaka pale bandari ilipokuwa, wamepafukia, sasa pana duka la mazulia. Nikasimama mbele ya mazulia kama mwendawazimu nikihesabu saa za safari yako.

Sijafua nguo. Shuka zako bado ziko kitandani. Najua, usinicheke.

Na najua kuna simu. Lakini simu ikilia wiki hii sitaweza kuipokea, mkono hautafika. Andika. Hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Keith

*

(Kadi, picha ya daraja la Launceston)

8 Septemba 1993

Keith,

Nimefika. Najua hujafua. Fua shuka.

Avril